‘Net’: neno moja la Kiingereza, maana nyingi kando ya Ziwa Mweru

Kwa mvuvi ni riziki, kwa mhudumu wa afya ni kinga, kwa mhasibu ni kile kinachobaki baada ya makato. Neno la Kiingereza ‘net’ lina herufi tatu tu, lakini kwa mzungumzaji wa Kiswahili aliyehamia ufukwe wa Zambia, kulielewa vibaya kunaweza kumnyima usingizi salama, sehemu ya ujira wake, au hata kumfikisha mbele ya sheria.

Puta iko ukingoni mwa Ziwa Mweru, katika wilaya ya Chiengi, mbele ya Kashikishi na Nchelenge kwa msafiri anayefuata barabara ya ziwani kuelekea kaskazini. Ng’ambo ya mpaka uko mji wa Pweto, mahali ambapo mto Luvua unatoka ziwani kuingia Kongo. Wabwile wanaishi pande zote mbili, na mstari uliochorwa na wakoloni ulipita katikati ya koo zao bila kufaulu kuzitenganisha. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5,000, na mitumbwi inayolikata hubeba samaki, chumvi, vitambaa na lugha.

Kiswahili kilifika katika nchi hizi pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikaendelea kuvuka maji na wachuuzi wa samaki. Kilikuja tena kwa wingi mwaka 2017, wakati maelfu ya watu walipokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokewa kwanza katika kituo cha Kenani, kisha kuanzia Januari 2018 wakahamishiwa makazi mapya ya Mantapala, wilayani Nchelenge.

Huko walikofika, lugha ya serikali ni Kiingereza na lugha ya jirani ni Kibwile au Kibemba. Zambia ina lugha saba za kieneo zilizopewa nafasi shuleni na redioni. Kiswahili si mojawapo. Aliyesoma Kongo alisoma kwa Kifaransa. Kwa hiyo tangazo la ofisi humfikia kwa lugha ambayo hakufundishwa, na mara nyingi neno dogo kuliko yote ndilo linalompotosha. Neno refu humfanya mtu aulize. Neno fupi, lililosikika mara mia, humfanya aamini kwamba tayari analijua.

Neti ngapi nyumbani?

Chukua mfano wa mazungumzo ambayo si vigumu kuyafikiria katika kijiji chochote cha ufukweni. Mhudumu wa afya wa kujitolea anapita nyumba kwa nyumba kabla ya ugawaji. Anamkuta mama mmoja akianika samaki, anamsalimu kwa adabu, wanaulizana habari za watoto, kisha anafungua daftari lake.

“Mama, mna neti ngapi hapa nyumbani?”

“Tatu, baba. Ila mbili zimechanika, mume wangu yuko anazishona.”

“Haya, mama. Basi nyinyi mna za kutosha.”

Anaandika, anaaga, anakwenda nyumba ya pili. Mama amehesabu nyavu za mume wake. Mhudumu ameandika vyandarua. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kila watu wawili wapate chandarua kimoja, lakini kwenye daftari nyumba hii imekwisha kupata, na watoto wake watalala bila hata kimoja. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kushuku kosa, kwa kuwa jibu la kila mmoja liliingia vizuri katika swali la mwenzake.

Kiswahili hakiruhusu mkanganyiko huu kirahisi, kwa sababu hakikuviweka vitu hivi viwili katika chungu kimoja. Cha kitandani ni chandarua. Cha majini ni wavu, na wavu wenyewe una jamii zake. Liko jarife, lenye matundu makubwa ya kunasia papa na samaki wakubwa. Liko juya, refu, la kukokotwa mpaka nchi kavu. Kiko kimia, kidogo, cha kurushwa kwa mkono. Mtu wa pwani asiyevua huenda asijue tofauti zote hizi, lakini hawezi kamwe kudhani kwamba aliyesema chandarua amekusudia juya.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika kitabu ambacho nyumba nyingi za ziwani zinacho. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia neno ‘net’ katika sura ya 4 ya Injili ya Mathayo, pale ndugu wawili wavuvi wanapokuwa kazini, na inalitumia tena katika sura ya 13, kwenye mfano wa samaki wa kila namna. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, waliandika jarife mahali pa kwanza na juya mahali pa pili. Walikuwa na haki ya kutofautisha, kwani Kigiriki cha asili nacho kina maneno mawili mbalimbali. Mvuvi wa leo angeweza kubishana nao kidogo: kama wavu ulikuwa wa kurusha kwa mkono, kwa nini usiitwe kimia? Lakini walau walijua kwamba kuna jambo la kubishania.

Hii haimaanishi kwamba Kiingereza ni lugha maskini. Wavuvi wa Kiingereza wana majina yao kwa kila aina ya mtego. Ila katika usemi wa kila siku lugha hiyo imeridhika na neno moja kwa chochote kilichofumwa kwa nyuzi kikaachiwa matundu: cha kuvulia, cha kuzuia mbu, cha kufunikia nywele, cha kuning’inia nyuma ya goli. Anayelishika wazo hilo la nyuzi na matundu, badala ya kukariri tafsiri moja, amepata ufunguo wa nusu ya matumizi ya neno hili. Hata michezo huanza kueleweka. Watangazaji wa kandanda husema nyavu zimetikisika. Mwingereza huligeuza neno lenyewe kuwa kitendo, mchezaji ‘aka-net’ bao la pili, na gazeti likaandika vivyo hivyo kuhusu polisi walionasa majambazi. Mchezo wa netiboli, unaopendwa sana na wasichana wa Zambia, Watanzania huuita mpira wa pete. Wao walitazama chuma cha mviringo. Waingereza walitazama kile kinachoning’inia chini yake.

‘Net’ isiyo na nyuzi

Nusu ya pili haifunguki kwa ufunguo huo. Neno ‘net’ lililoandikwa kwenye hati ya mshahara au kwenye mfuko wa unga halina uhusiano wowote na wavu. Ni neno jingine kabisa, lililotoka nyumba nyingine, likafanana na la kwanza kwa sura na sauti. Wavu wa Kiingereza ni neno la kale la asili ya Kijerumani, ndugu wa ‘Netz’ linalotumika Ujerumani hadi leo. Lile la mshahara liliingia kutoka Kifaransa, ambacho nacho kililirithi kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kung’aa, na chimbuko hilohilo ndilo lililozaa ‘neat’, yaani nadhifu. Mswahili hapaswi kushangaa: kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako ni maneno matatu yaliyovaa kanzu moja.

Maana ya hii ‘net’ ya pili, basi, ni kitu kilichosafishwa, kilichoondolewa kisicho chake. Kiswahili cha ofisini husema halisi, na kinyume chake, ambacho Kiingereza hukiita ‘gross’, husema ghafi. Hapa mtu aliyesoma Kongo ana faida, kwa kuwa amekwisha kukutana na ‘salaire net’ na ‘poids net’. Asichotarajia ni kwamba neno hilohilo, akivuka mpaka, linabeba pia kile alichozoea kukiita ‘filet’ na ‘moustiquaire’. Mwenzake kutoka Tanzania au Kenya huanzia upande wa pili: neti ya kitandani anaijua tangu utotoni, hati ya mshahara ndiyo inayomtatiza.

Na hati hiyo si jambo dogo. Mtu akiahidiwa kazi ya kwacha 5,000 kwa mwezi nchini Zambia, asipouliza kama ni ‘gross’ au ‘net’, atapanga kodi ya nyumba na ada za watoto kwa fedha ambazo hazitamfikia. Mfuko wa pensheni wa NAPSA huchukua asilimia 5 ya mshahara wa mfanyakazi, yaani kwacha 250. Bima ya afya ya NHIMA huchukua asilimia 1, kwacha 50. Zinabaki 4,700, kabla ya kuangalia kama kuna kodi ya mapato au makato mengine. Tofauti ya 300 ndiyo maana ya neno lenyewe, na swali la kuuliza kabla ya kutia saini ni fupi: kiasi hiki ni kabla ya makato au baada yake?

Kwa mchuuzi wa samaki somo ni lilelile, ila linapimwa kwa mizani. Chisense, dagaa wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani, husafirishwa kwa magunia. Uzito ‘net’ ni wa dagaa peke yao, bila gunia. Mfuko wa unga wa mahindi ulioandikwa kilo 25 ‘net’ unaahidi unga wa kilo 25, si unga na mfuko pamoja.

Siku hizi neno hilo limepanda hadi mikutano ya tabianchi, ambako nchi huahidi kufikia ‘net zero’. Asikiaye kwa mara ya kwanza anaweza kudhani pametengenezwa wavu wa kunasia moshi. Kinachoahidiwa ni hesabu ya aina ya hati ya mshahara: gesi inayotolewa, ikiondolewa ile inayofyonzwa na misitu au kwa njia nyingine, ibaki sifuri. Moshi wenyewe unaweza kuendelea kutoka, na ndiyo maana ahadi hizo husomwa kwa makini.

Simu, na wavu wa wanaoanguka

Watu wawili wakisimama, mmoja Puta na mwingine Pweto, wakiinua simu zao juu kutafuta mawimbi, wa kwanza atalalamika kwamba hakuna ‘network’ na wa pili kwamba hakuna ‘réseau’. Kila mmoja, bila kujua, analalamikia wavu. Kiingereza kilianza kutumia ‘network’ katika karne ya 16 kwa kazi ya mikono iliyofumwa au kusukwa kama wavu, kisha likapanuka likafunika mifereji, reli, redio na kompyuta. Samuel Johnson, mtunzi mashuhuri wa kamusi, alilieleza mwaka 1755 kwa maneno magumu kuliko lenyewe, na Waingereza wanamcheka hadi leo. Neno la Kifaransa nalo lilikuwa, katika Kifaransa cha kale, jina la wavu mdogo.

Mwaka 1974 wahandisi Vinton Cerf, Yogen Dalal na Carl Sunshine waliandika ‘internet’ katika waraka wa kiufundi kuhusu namna mitandao ya kompyuta ingeweza kuzungumza yenyewe kwa yenyewe. Kutoka hapo watu wakakata kipande cha mwisho tu, wakasema wako kwenye ‘the net’. Kiswahili hakikufuata picha hiyo. Mtandao ni neno la kutanda na kutandaa: kinachoonekana si matundu bali ule mwenendo wa kuenea.

Picha ya wavu ilikataliwa kwa busara zaidi katika neno jingine la maofisini. Kiingereza huuita msaada wa fedha kwa familia fukara ‘safety net’, kwa kufikiria wavu unaotandazwa chini ya wanasarakasi ili anayeteleza asife. Mpango wa namna hiyo wa serikali ya Tanzania, unaoendeshwa na TASAF, kwa Kiingereza una neno hilo ndani ya jina lake. Kwa Kiswahili unaitwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Wavu umetupwa, nia imebaki. Watafsiri wangesema ‘wavu wa usalama’ wangemshangaza mvuvi yeyote, maana kwake kinachoangukia wavuni hakitoki salama.

Chandarua kinapoingia majini

Hata hivyo iko sehemu moja ambapo maana mbili za neno hili hazitenganishwi na kamusi, na ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote kando ya Mweru.

Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazoumizwa zaidi na malaria, na maambukizi yake hayakomi mwaka mzima, kwa kuwa vijito na mabwawa ya kando ya ziwa huwapa mbu mazalio hata mvua zikiisha. Serikali na washirika wake hugawa bure vyandarua vyenye dawa. Chandarua hicho ni kipana, ni imara, na kimefumwa vizuri. Wavu wa kuvulia hununuliwa kwa fedha. Hesabu inayofuata haihitaji shule.

Mwaka 2008 watafiti waliandika kwamba katika vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Kenya, walikuta vyandarua vikitumiwa kuvulia na kuanikia samaki. Januari 2015 gazeti la New York Times lilichapisha habari ndefu ya namna hiyo kutoka mabwawa ya Bangweulu, ambayo maji yake hushuka kwa mto Luapula hadi Mweru. Matundu ya chandarua yana upana wa milimita kama mbili, kwa hiyo hayamwachi hata kifaranga wa samaki apite. Dawa iliyomo, ambayo haimdhuru alaye usingizi chini yake, ni sumu kali kwa samaki na wadudu wa majini.

Kwa sababu hiyo chandarua kimo katika orodha ya zana zilizokatazwa katika uvuvi wa Zambia, pamoja na sumu na ile njia ambayo wenyeji huiita kutumpula, ya kupiga maji ili kuwafukuzia samaki wavuni. Mgeni basi hukutana na neno moja likitoa amri mbili. Zahanati inamwambia awe na ‘net’ na aitumie kila usiku. Mwaloni anasikia kwamba kuna ‘net’ ambayo akikutwa akiitumia atakamatwa. Asiyetenganisha anaweza kuvunja sheria bila kujua, au, jambo baya zaidi, kukiogopa chandarua chenyewe na kukificha badala ya kukitundika. Kisheria kosa ni kuvulia chandarua. Kukimiliki na kulala chini yake ndiko hasa kunakotakiwa.

Njia ya kujinasua ni kusikiliza majirani wa neno. ‘Net’ ya Kiingereza mara chache hutembea peke yake: ikitanguliwa na ‘mosquito’ ni ya mbu, ikitanguliwa na ‘fishing’ ni ya samaki, ikifuatwa na ‘pay’ ni ya mfukoni, ikifuatwa na ‘weight’ ni ya mizani. Kitenzi nacho husaidia. Kulala chini yake hakuhitaji mtumbwi. Na pale neno linapokuja peke yake, kama katika swali la mhudumu kwa yule mama, hakuna aibu kujibu kwa swali: neti gani?

Ingekuwa rahisi kuilaumu lugha kwa yote haya, lakini haitakuwa haki. Waswahili wa Ziwa Tanganyika wana jina la chandarua na jina la wavu, na bado vyandarua vimeingia majini huko pia. Mama anayekikata chandarua ili apate samaki wa kitoweo anajua vizuri kilishonwa kwa kazi gani. Amepima homa inayoweza kuja na njaa iliyokwisha kufika.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika Mweru ili samaki wazaane. Mitumbwi huvutwa juu, nyavu hushonwa vivulini, na wengi huenda mashambani, mbali na ziwa. Miezi hiyohiyo ndiyo ya mvua nyingi, na mbu huongezeka. Hivyo katika msimu mmoja ofisi ya uvuvi hutangaza kwamba ‘nets’ zitoke majini, na zahanati hutangaza kwamba ‘nets’ zitundikwe, na anayekwenda shambani asiisahau ya kwake nyumbani. Tarehe 1 Machi mitumbwi hurudi ziwani. Mvua huwa bado haijakatika, na chandarua hakijapewa tarehe ya kushushwa.